Miguu Isubiri, Macho Yatangulie

Mbwa wangu wa kwanza, Bobi, alimng'ata shangazi yangu kisigino tarehe 23 Desemba, saa kumi jioni. Shangazi ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye Noah akitokea Dar es Salaam, kofia pana kichwani, mkononi mfuko wa mikate, tena katika kihamba, shamba la nyumbani la ukoo, alikozaliwa yeye mwenyewe. Bobi alikuwa na chanjo zote. Kadi yake ilijazwa vizuri kuliko kadi za kliniki za wanangu. Kilichomponza ni woga wangu wa parvo, ugonjwa wa kuharisha damu unaoua watoto wa mbwa. Alipofika kwangu akiwa na wiki saba nilimtia bandani, akakaa humo hadi miezi mitano, na muda wote huo binadamu aliowajua walikuwa watatu: mimi, mke wangu na kijana anayetukatia majani ya ng'ombe. Mwanamke wa kofia pana, kwa Bobi, hakuwa shangazi ya mtu. Alikuwa kiumbe asichowahi kukiona.

Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, kama inavyotakiwa, kisha tukampeleka hospitali kuanza sindano za kichaa cha mbwa. Sikukuu ikaharibika. Bobi akaishia kufungwa mnyororo mchana kutwa mpaka uzee wake.

Jirani yangu wa bondeni alifanya kinyume. Alimpenda mtoto wake wa mbwa kiasi cha kwenda naye kila mahali. Siku moja akashuka naye sokoni Kiboriloni, akamweka chini anusenuse wakati yeye anachagua mitumba. Siku ya tano mtoto akaanza kutapika na kuharisha damu yenye harufu kali, siku ya saba tukamzika chini ya mgomba. Watu wakasema kalishwa sumu, kumbe ni parvo.

Wengi wetu huku Moshi, mjini na milimani, tunayumba kati ya makosa hayo mawili, na si kwa uzembe. Hesabu za wiki zenyewe hazipatani. Mtoto wa mbwa huupokea ulimwengu kwa moyo mweupe kuanzia wiki ya tatu hivi hadi ya 12 au ya 14. Anachokutana nacho kwa amani katika muda huo hukihesabu kuwa cha kawaida. Baada ya hapo kila kigeni hutiliwa shaka. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walieleza jinsi walivyokuza watoto wa mbwa ndani ya uwanja wenye uzio mrefu, wakilishwa bila kumwona mtu, kisha wakawatoa kwa zamu, kila kundi katika umri wake, kukaa na watu kwa wiki moja. Waliofikisha wiki ya 14 bila kumzoea binadamu walibaki kama wanyama wa porini. Mimi na banda langu tulilirudia jaribio hilo bila kujua.

Chanjo nayo ina kalenda yake. Mtoto akinyonya maziwa ya kwanza ya mama hupata kinga ya kuazima. Kinga hiyo humlinda, lakini pia huimeza chanjo kabla haijafanya kazi. Kwa mmoja huisha wiki ya nane, kwa ndugu yake wa tumbo moja wiki ya 15, na kwa kuwatazama huwezi kuwatofautisha. Ndiyo maana daktari wa mifugo hachomi mara moja akamaliza. Huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, hurudia kila baada ya wiki mbili hadi nne, na sindano ya mwisho katika mfululizo huo huwa wiki ya 16 au baadaye. Anayengoja kadi ijae ndipo amtoe mtoto nje atakuta mlango umeshafungwa.

Na hofu yenyewe si ya bure. Parvo ni ugonjwa mpya kwa mbwa, ulitambuliwa mwaka 1978, na katika muda mfupi sana ukawa umeizunguka dunia. Kirusi chake hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haikiui. Distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa, nayo tuliiona sisi Watanzania kwa macho yetu. Mwaka 1994 iliua simba wapatao 1,000 Serengeti, karibu theluthi ya simba wote wa kule, na wachunguzi wakawatazama mbwa wa vijiji vya pembezoni.

Mwaka 2008 chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa tamko kwamba mtoto wa mbwa anaweza kuanza darasa la kuzoeshwa akiwa na wiki saba au nane, mradi awe amepata sindano ya kwanza walau siku saba kabla na dawa ya minyoo. Hoja yao ni kwamba tabia mbaya inaua mbwa vijana kuliko maradhi. Nakubaliana nao, maana hata huku mbwa mkorofi mwisho wake ni sumu au mawe. Lakini ushauri ule ukinakiliwa hapa kama ulivyo utaua. Darasa lao lina sakafu inayopigwa deki kwa dawa, na mlangoni unaonyesha kadi. Hapa kwetu mbwa wengi hawajaona sindano zaidi ya ile ya kichaa, kama hata hiyo wameiona, na usiku wanapita watakako.

Cha kuchukua ni kiini chake. Parvo huingia kwa mdomo na pua, ikitoka kwenye kinyesi, udongo, viatu, au mwili wa mbwa mwingine. Haiingii kwa macho wala kwa masikio. Basi miguu isubiri, macho yatangulie.

Mbwa wangu wa sasa, Popi, jike la kienyeji lenye sikio moja lililolala, alizunguka mtaani karibu miezi miwili bila kukanyaga ardhi ya mtu. Nilimfunga kwenye kanga kuukuu ya mke wangu, kifuani si mgongoni, kichwa kikichungulia. Watu walicheka. Vijana wa bodaboda kijiweni waliniuliza kama mtoto ameshabatizwa. Niliwaacha wacheke, kwa sababu kila aliyecheka alisogea kutazama, na kofia yake ngumu kichwani, na koti lake la kung'aa, na hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Asiyetaka kuchekwa atumie kikapu chenye mfuniko, au akae ndani ya gari kioo kikiwa nusu.

Mfukoni nilikuwa na dagaa wa Mwanza, waliokaushwa bila chumvi, nimewavunja vipande vidogo. Dagaa ni zawadi, lakini zaidi ni kipimo. Siku ya kwanza tulikaa kwenye benchi la duka, hatua kama 20 kutoka barabarani. Ikapita bajaji: masikio yakasimama, lile moja lililolala nalo likajaribu, kisha Popi akanigeukia, akachukua dagaa kwa ncha ya ulimi. Vizuri. Likapita lori la mchanga. Akajikunja, akalamba pua yake mwenyewe bila kuwa na chakula, akapiga mwayo usio wa usingizi. Nikampa dagaa, akageuza uso. Hapo hakuna la kujadili. Nikainuka, tukarudi nyuma ya nyumba ya duka, lori likasikika kwa mbali, na baada ya dakika mbili dagaa yule yule akaliwa. Kesho yake tulianzia pale pale nyuma ya nyumba. Siku ya nne tulikuwa tena kwenye benchi, na lori likawa lori tu.

Naeleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Wanasikia "mzoeshe" wanampeleka mtoto katikati ya stendi, anatetemeka saa nzima, wanasema atazoea. Hazoei. Anajifunza kwamba stendi inatisha na kwamba wewe huna msaada. Dakika kumi za utulivu zinashinda saa nzima ya kutetemeka. Na usitafute benchi karibu na bucha, dampo au machinjio, maana huko ndiko mbwa wa mtaa wanakokutana, na mtoto akiponyoka mikononi mara moja tu, yameisha.

Huku milimani kuna vitu ambavyo vitabu vya ughaibuni havivitaji. Mama anayerudi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, kutoka usawa wa mbwa, si mama. Ni kichaka kinachotembea, kinakohoa, na kinakusalimia. Popi alipokiona mara ya kwanza alijaribu kuingia kwapani mwangu. Nilimwomba yule mama atue mzigo, akatua, mtu akatokea ndani ya kichaka, akampa Popi dagaa kwa mkono wake. Kuna makoti ya Julai yenye kofia, kuna miamvuli ya masika inayofunguka ghafla, na kwa wanaokaa njia ya Marangu au Machame kuna wapagazi wenye furushi kubwa kuliko wao na watalii wanaotembea na fimbo mbili kama wazee waliochoka. Yote hayo yaonekane kwa mbali kwanza, kwenye mbeleko, kabla ya wiki ya 12.

Nyumbani nako usipaamini kwa sababu tu ni kwako. Kihamba hakina ukuta. Ua wa sale unamzuia jirani mwenye heshima zake, haumzuii mbwa koko. Udongo wa chini ya migomba una kivuli na unyevu, na kirusi cha parvo hudumu penye kivuli kuliko penye jua kali na ukavu. Kwa hiyo mpe mtoto eneo lake dogo unaloweza kulisafisha. Baraza la saruji linafaa, ua wa nyuma uliozungushiwa bati unafaa, na hata chumba kimoja kinatosha. Ukilitilia shaka eneo hilo, ondoa uchafu wote kwanza, osha kwa sabuni, ndipo umwagie Jik iliyochanganywa kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, iache dakika kumi, suuza. Jik juu ya uchafu haifanyi kazi, na juu ya udongo ni kupoteza fedha. Kama katika kiwanja hicho mbwa alikufa kwa parvo ndani ya mwaka huu, usilete mtoto ambaye chanjo zake hazijakamilika, hata ukipewa bure. Tafuta mkubwa aliyechanjwa.

Viatu tumerahisishiwa na desturi: vibaki mlangoni. Tatizo ni gambuti, tunazoingia nazo kila mahali tukitoka bandani na shambani. Ziwekee mahali pake, mbali na baraza la mtoto. Na maji ya mfongo, mfereji wa mashambani, asinywe. Mkojo wa panya huyatia vijidudu vya leptospira, na hilo si la mbwa peke yake. Wagonjwa wa homa waliolazwa hospitali za KCMC na Mawenzi mwaka 2007 na 2008 walipopimwa kwa ajili ya utafiti, zaidi ya wanane katika kila mia walikuwa na ugonjwa huo, ambao kwa kawaida hatuutaji kabisa tukiugua homa.

Ndani ya eneo lake, mfundishe dunia kwa vitu vya nyumbani. Tandaza gunia, mfuko wa nailoni, bati kuukuu, avikanyage avisikie. Gonga sufuria ukiwa mbali wakati anakula. Mguse makucha, mfungue kinywa, mtazame masikio, kila siku kidogo, ili siku daktari akimshika asione ni vita.

Wageni ndio mali kubwa, na Mchaga hakosi wageni. Waombe wavue viatu, wanawe mikono, wakae chini, kisha wamsubiri mtoto aje mwenyewe. Watoto wa watu wawe mmoja mmoja, wameketi, mbwa asibebwe wala asivutwe mkia, na wakimaliza wanawe tena, kwa sababu ya minyoo. Dawa ya minyoo yenyewe ianze mapema, wiki ya pili, ya nne, ya sita na ya nane, kisha uendelee kama daktari atakavyokuelekeza.

Jirani yangu wa mkono wa kulia ni Mwislamu, mzee wa kanzu na bakora, na mate ya mbwa kwake ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Sikumletea Popi miguuni. Nilimwomba tu apite na kanzu yake mbele ya baraza, kila jioni akienda msikitini, anisalimie kwa sauti. "Hujambo baba, na huyo mlinzi wako hajambo?" Ndivyo alivyofanya, hatua tano mbali, kila siku. Nadhani somo hilo lilimfaa Popi kuliko lote. Aliona watu wapo, wanapita, wana shughuli zao, na hakuna sababu ya kuwarukia wala kuwabwekea.

Najua kuna msomaji ananung'unika kwamba yeye hataki mbwa wa kubembelezwa, anataka mlinzi. Getini kwake ameandika "Mbwa Mkali" kwa rangi nyekundu. Namheshimu, wezi wapo. Lakini Bobi alikuwa mkali kwa kiwango chochote unachokitaka, na kazi ya ulinzi ilimshinda. Alibwekea kunguru, upepo, paka wa jirani na ndizi iliyoanguka, usiku kucha, mpaka nyumba nzima ikaacha kuamka. Mbwa anayejua mambo ya kawaida yanavyosikika ndiye anayeshtuka pasipo kawaida. Popi hubweka mara chache, na akibweka navaa viatu.

Kelele zina msimu wake. Jumamosi matarumbeta ya harusi hupita barabara ya lami yakiwa nyuma ya pikapu, na hakuna sauti ya kinyama kama hiyo kwa mtoto wa wiki tisa. Nilianza kwa kuyacheza kwenye simu, sauti chini kabisa, wakati wa chakula, nikipandisha siku hadi siku. Fataki za mwaka mpya vivyo hivyo. Aliyechukua mtoto Novemba aanze wiki hiyo hiyo, maana Desemba mji na vijiji hujaa, magari yanatoka Dar es Salaam usiku na mchana, kila uani panachinjwa. Ni neema kwa kuzoesha na ni hatari kwa tumbo. Maini na mapafu mabichi asipewe, kwani humo ndimo yanamokaa malengelenge ya minyoo ambayo baadaye hurudi kwa binadamu. Na usiku wa kuamkia Januari mosi mlaze ndani.

Kuku, mbuzi na ng'ombe hawamwambukizi parvo, kwa hiyo awaone mapema kabisa akiwa mapajani mwako. Kijijini mbwa anayekula kuku hazeeki. Mbwa wenzake ni suala jingine. Anawahitaji, kwa sababu kung'ata kwa adabu hufundishwa na mbwa, hakufundishwi na mtu. Ndiyo sababu usikubali kupewa mtoto wa wiki nne ndani ya boksi la sabuni, hata mwenye mbwa akikuambia ameshaacha kunyonya. Mwache na mama na ndugu zake hadi wiki ya nane. Akishapata sindano ya kwanza ya parvo na distempa na wiki moja ikapita, mtafutie rafiki mmoja au wawili wakubwa, wapole, wenye kadi uliyoisoma kwa macho yako. Wakutane kwenye baraza safi, si njiani. "Huyu haumwi" si kadi.

Kwa daktari mwenyewe kuwe na tahadhari, maana hapo ndipo wagonjwa wanapopelekwa. Usimshushe sakafuni wala uani. Subiri nje juu ya pikipiki au garini, umwombe daktari akuite zamu yako ikifika. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za joto. Anayekuja nyumbani na kichupa kwenye barafu ndani ya chupa ya chai anajua kazi yake. Anayekitoa mfukoni mwa shati, mrudishe hata kama ni shemeji yako.

Na lipo jambo linalowaponza hata waangalifu. Inapokaribia tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara nyingi utasikia kipaza sauti kikitangaza chanjo uwanjani. Mpeleke mbwa, kichaa hakina dawa kikishaanza. Lakini sindano ile ni ya kichaa peke yake, na kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki ya 12. Haimkingi na parvo hata kidogo, na uwanja wenyewe umejaa mbwa wa kila kata wakiwa kwenye kamba za katani. Mtoto wako abaki kikapuni tangu unapofika hadi unapoondoka.

Akigoma kula na akatapika, usingoje kesho, na usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Kwa parvo siku moja ya dripu inaweza kuwa tofauti yote.

Popi alipata sindano ya wiki ya 16 siku ya Jumatatu. Nilingoja wiki mbili nyingine, kinga ikomae. Asubuhi tulipotoka ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, kabla ya pilikapilika, kilele cha Kibo kikiwa wazi juu ya mawingu. Nilimweka chini kwenye kalavati mwisho wa njia yetu. Akanusa saruji, akanusa nyasi zenye umande, akakaa. Yule mama wa majani akapita na kichaka chake. Popi akatikisa mkia, akanitazama mfuko. Safari ya kwanza iwe ya dakika kumi tu, kamba ikiwa legevu, na mkirudi mkague kupe kabla hajaingia ndani: katikati ya vidole, kwapani, na chini ya lile sikio lililolala.